Homa ya Bonde la Ufa na Virusi Vingine Vinavyoenezwa na Mbu: Tahadhari Huanzia Zizini

Na Mwandishi Wetu, Mtumba – Dodoma

Mvua inapozidi kawaida katika nyanda za kati za Tanzania, wengi huihesabu kuwa ni neema. Mkoa wa Dodoma hupata wastani wa milimita 500 hadi 600 za mvua kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili, na mwaka ambao malambo yamejaa, malisho yamestawi na mtama umekomaa ni mwaka wa kushukuru. Hata hivyo, ni katika msimu wa namna hiyo, mwishoni mwa mwaka 2006 na katika nusu ya kwanza ya mwaka 2007, ambapo mkoa huu ulipata pigo la Homa ya Bonde la Ufa, ugonjwa wa virusi unaoenezwa na mbu na unaowapata mifugo na binadamu.

Hadi mlipuko huo ulipomalizika Juni 2007, watu 511 walikuwa wameorodheshwa kuwa na dalili za ugonjwa katika mikoa 10 kati ya 21 iliyokuwapo Tanzania Bara wakati huo. Kati yao, 186 walithibitishwa kwa vipimo vya maabara na wengine 123 walihesabiwa kuwa waliugua ugonjwa huo kwa kuzingatia dalili na mazingira yao. Watu 144 walifariki dunia. Mkoa wa Dodoma ndio uliokuwa na wagonjwa wengi zaidi.

Takribani miongo miwili imepita tangu wakati huo. Vijana wengi wanaochunga ng'ombe leo katika wilaya za Bahi, Chamwino, Kongwa na Mpwapwa hawakuuona ugonjwa ule au walikuwa watoto wadogo. Watumishi na wafanyabiashara wengi waliohamia Dodoma baada ya Serikali kuhamishia shughuli zake hapa, na hatimaye katika Mji wa Serikali Mtumba, hawakuwapo. Makala haya yanaeleza magonjwa ya virusi yanayoenezwa na mbu, yalikotoka, namna yanavyosambaa, na kwa nini taarifa ya mfugaji mmoja inaweza kuokoa maisha ya watu wengi.

Mbu na virusi

Wananchi wengi wanapotaja mbu hufikiria malaria. Malaria husababishwa na vimelea, si virusi, na huenezwa na mbu wa jamii ya Anopheles wanaouma zaidi usiku. Magonjwa ya virusi yana waenezaji wengine pia. Mbu wa jamii ya Aedes hueneza homa ya dengue, chikungunya, Zika, homa ya manjano na Homa ya Bonde la Ufa. Mbu wa jamii ya Culex, wanaozaliana kwa wingi katika maji machafu na maji yaliyotuama, hueneza virusi vya West Nile na huchangia kusambaza Homa ya Bonde la Ufa mlipuko unapokuwa umeanza.

Mbu jike ndiye anayenyonya damu, kwa kuwa anahitaji protini ya kukomaza mayai yake. Anapomnyonya mgonjwa, virusi huingia tumboni mwake, huzaliana na baada ya siku kadhaa hufika katika tezi za mate. Kuanzia hapo, kila anapouma anaweza kumwambukiza anayeumwa, na hubaki hivyo kwa muda wote wa uhai wake. Hii ndiyo sababu mtu mmoja aliyesafiri akiwa na virusi katika damu yake anaweza kuwa chanzo cha mlipuko katika mji mpya, endapo mbu wanaofaa wapo.

Magonjwa yenye majina ya Afrika Mashariki

Magonjwa kadhaa ya kundi hili yanayojulikana duniani leo yalitambuliwa kwa mara ya kwanza katika ukanda huu, na majina yake yanashuhudia hivyo. Homa ya Bonde la Ufa ilielezwa kitaalamu mwaka 1931 baada ya vifo vya wanakondoo na kondoo kutupa mimba katika shamba lililo karibu na Ziwa Naivasha, nchini Kenya. Virusi vya West Nile vilitambuliwa mwaka 1937 katika damu ya mwanamke mwenye homa kwenye wilaya yenye jina hilo, kaskazini-magharibi mwa Uganda. Virusi vya Zika vilipatikana mwaka 1947 kwa nyani aliyewekwa kwa ajili ya utafiti katika Msitu wa Zika, karibu na Entebbe, na mwaka uliofuata vikapatikana kwa mbu wa msitu huohuo.

Tanzania nayo ina sehemu yake katika historia hiyo. Mwaka 1952 homa yenye maumivu makali ya viungo ilizuka katika uwanda wa Makonde, eneo la Newala, mkoani Mtwara ya leo. Wenyeji waliiita chikungunya, neno la Kimakonde linaloeleza namna mgonjwa anavyojikunja kwa maumivu, na jina hilo ndilo linalotumiwa na madaktari wa dunia nzima. Mwaka 1959 ugonjwa wa jamii hiyohiyo ulianza kaskazini mwa Uganda, ambako Waacholi waliuita o'nyong'nyong kwa sababu ya kulegeza viungo. Ulienea Kenya, Tanzania na nchi jirani na kuwapata watu wanaokadiriwa kufikia milioni mbili katika kipindi cha miaka mitatu. Tofauti na magonjwa mengine ya virusi yaliyotajwa, huu huenezwa na mbu wa Anopheles, walewale wa malaria.

Hata jina la dengue limehusishwa na Kiswahili. Katika karne ya 19 Zanzibar na pwani ya Afrika Mashariki zilikumbwa na milipuko ya homa ya ghafla yenye maumivu ya viungo iliyojulikana kwa jina la kidingapopo. Baadhi ya wanahistoria wa tiba wanaona kuwa jina hilo lilivuka bahari na kubadilika hadi kuwa dengue, na kwamba huenda sehemu ya milipuko hiyo ilikuwa ya chikungunya. Hadi leo kidingapopo ndilo jina la Kiswahili la homa ya dengue katika matangazo ya afya.

Kilichobadilika tangu miaka hiyo ni kasi ya usambaaji. Mwaka 2004 chikungunya ilizuka Lamu na baadaye Mombasa. Uchunguzi wa damu ulionesha kuwa takribani robo tatu ya wakazi wa Lamu walikuwa wameambukizwa. Mwaka uliofuata ugonjwa ulifika Komoro, kisha kisiwa cha Réunion, ambako takribani theluthi moja ya wakazi waliugua. Mwaka 2006 uliingia India, mwaka 2007 ukafika Italia, na mwishoni mwa mwaka 2013 ukafika visiwa vya Karibi. Zika ilikaa karibu miaka 60 bila kuzua taharuki, ikazuka katika kisiwa cha Yap kwenye Bahari ya Pasifiki mwaka 2007, na mwaka 2015 ikaenea Brazili. Februari 2016 Shirika la Afya Duniani lilitangaza dharura ya kimataifa baada ya watoto wengi nchini humo kuzaliwa na vichwa vidogo kupita kawaida.

Homa ya Bonde la Ufa pia imetoka nje ya bonde lililoipa jina. Iliingia Misri mwaka 1977, Mauritania na Senegal mwaka 1987, na mwaka 2000 ikavuka Bahari ya Shamu hadi Saudi Arabia na Yemeni. Septemba 2025 Senegal ilitangaza tena mlipuko. Usafirishaji wa mifugo, mabadiliko ya hali ya hewa na ujenzi wa mabwawa na skimu za umwagiliaji ni miongoni mwa mambo yanayotajwa kuchangia usambaaji huo.

Namna ugonjwa unavyojificha na kuibuka

Kwa wananchi wa nyanda za kati, swali la msingi ni hili: ugonjwa huu huenda wapi miaka yote ambayo hausikiki? Sehemu kubwa ya jibu iko ardhini. Baadhi ya mbu wa Aedes hutaga mayai katika udongo wenye unyevu pembezoni mwa mabonde na malambo ya msimu. Mbu jike mwenye virusi anaweza kuvirithisha kwa mayai yake. Maji yanapokauka mayai hubaki hai ndani ya udongo kwa miezi na hata miaka, yakisubiri mafuriko.

Mvua kubwa inapofunika mabonde hayo kwa muda mrefu, mayai huanguliwa kwa pamoja na baadhi ya mbu wanaotoka huwa tayari wana virusi. Hawa huwauma mifugo waliokuja kunywa na kula malisho mapya. Virusi huzaliana kwa wingi katika damu ya ng'ombe, mbuzi na kondoo, kisha mbu wengine, hasa wa Culex waliozaliana katika maji yaliyobaki, huvichukua na kuvisambaza kwa makundi zaidi. Uhusiano huu wa mvua na ugonjwa ndio unaofanya miaka ya El Niño na ya joto lisilo la kawaida magharibi mwa Bahari ya Hindi kuwa miaka ya kuchukua tahadhari.

Kati ya mwaka 1930 na 2007 Tanzania ilirekodi milipuko kumi ya ugonjwa huu kwa mifugo, ukiwemo ule wa mwaka 1997/1998 uliofuata mvua za El Niño na wa mwaka 2006/2007. Kwa wastani mlipuko mmoja ulifuata mwingine baada ya takribani miaka minane. Muda mrefu wa utulivu si ushahidi kuwa ugonjwa umetoweka. Mifugo waliopona mlipuko uliopita huwa na kinga, lakini huuzwa, huchinjwa au hufa kwa uzee, na nafasi zao huchukuliwa na mifugo wasio na kinga. Kadiri miaka inavyopita bila chanjo, ndivyo zizi linavyozidi kuwa na wanyama wanaoweza kuambukizwa.

Yaliyotokea mwaka 2006 na 2007

Mvua za vuli za mwaka 2006 zilizidi kiwango katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki. Desemba mwaka huo ugonjwa ulithibitishwa kaskazini-mashariki mwa Kenya, na Januari 2007 ukabainika kwa binadamu katika wilaya za kaskazini mwa Tanzania. Kutoka huko uliingia nyanda za kati na kuendelea kusini na mashariki. Kenya iliripoti wagonjwa 684 na vifo 234 hadi Machi 2007, na Somalia wagonjwa 114 na vifo 51.

Kwa upande wa mifugo hasara ilikuwa kubwa. Tathmini iliyofanyika baadaye ilionesha kuwa Tanzania ilipoteza zaidi ya ng'ombe 16,000, mbuzi zaidi ya 20,000 na kondoo zaidi ya 12,000, mbali na maelfu ya mimba zilizotupwa. Minada ilifungwa, usafirishaji wa mifugo ukazuiwa, na walaji wakaiogopa nyama. Kaya iliyotegemea kuuza mbuzi ili kulipa ada ya shule au matibabu ilikosa kipato katika kipindi hichohicho ambacho mmoja wa wanakaya angeweza kuwa mgonjwa.

Binadamu wengi hawaambukizwi ugonjwa huu kwa kuumwa na mbu. Huambukizwa kwa kugusa damu, majimaji, viungo au kijusi cha mnyama mgonjwa wakati wa kuchinja, kuchuna ngozi, kumzalisha mnyama, kumtibu au kumzika. Unywaji wa maziwa mabichi nao umehusishwa na maambukizi. Uchunguzi wa mlipuko wa mwaka 2007 nchini ulithibitisha kuwa kugusa mnyama mgonjwa, damu, nyama na maziwa yake ndiyo mambo yaliyoongeza zaidi hatari ya kuugua. Hakuna maambukizi ya mtu kwa mtu yaliyowahi kuthibitishwa.

Wengi wanaoambukizwa hupata homa, maumivu ya misuli na kichwa, kisha hupona ndani ya wiki moja. Wachache hupata ugonjwa mkali unaoathiri macho, ubongo au kusababisha kutokwa damu. Kati ya wanaotokwa damu, karibu nusu hufariki. Hakuna dawa mahususi ya kuua virusi hivi, na chanjo ya binadamu haijaidhinishwa kwa matumizi ya umma. Mgonjwa hupewa huduma ya kuuimarisha mwili hadi kinga yake iushinde ugonjwa, na ndiyo maana kuwahi hospitalini ni muhimu.

Siku zinazotolewa na mifugo

Mlipuko huo uliacha somo moja lenye thamani. Mwaka 2006 wataalamu waliokuwa wakifuatilia mvua, joto la bahari na uoto kwa kutumia satelaiti walionya kuhusu maeneo yenye hatari katika Pembe ya Afrika kati ya wiki mbili na sita kabla ya mlipuko kuonekana. Baadaye watafiti waliwahoji wafugaji wa Kisomali kaskazini-mashariki mwa Kenya na wa Kimasai kaskazini mwa Tanzania. Ilibainika kuwa wafugaji waliutambua ugonjwa mapema. Wasomali walikuwa na jina lake, sandik, linalohusiana na damu inayotoka puani mwa mnyama.

Simulizi za wafugaji wa Kenya zilipopangwa kwa tarehe, zilionesha mfuatano wa wazi. Tangu mvua kubwa zilipoanza hadi makundi ya mbu kuonekana zilipita wiki tatu na siku chache. Kutoka hapo hadi mnyama wa kwanza kuugua zilipita zaidi ya wiki mbili. Kisha zilipita takribani wiki mbili na nusu nyingine kabla ya mtu wa kwanza kuugua. Kwa maneno mengine, kulikuwa na zaidi ya mwezi mmoja ambapo ishara zilionekana malishoni na zizini kabla ya mgonjwa yeyote kufika zahanati.

Ishara yenyewe haihitaji kifaa cha maabara ili kuitilia shaka. Mifugo wengi wenye mimba hutupa mimba ndani ya siku chache, bila kujali umri wa mimba, na wanakondoo na ndama wachanga hufa kwa wingi. Kondoo wenye mimba walioambukizwa karibu wote hutupa mimba. Hakuna ugonjwa wa kawaida wa zizini unaofanya hivyo kwa kasi hiyo baada ya mvua kubwa. Mfugaji anayenyamaza kwa kuogopa mnada kufungwa, au anayewahi kuuza wanyama kabla habari haijaenea, huupeleka ugonjwa sokoni na machinjioni, na mnada huishia kufungwa kwa muda mrefu zaidi.

Taarifa ya mapema ina faida nyingine kuhusu chanjo. Chanjo ya mifugo dhidi ya Homa ya Bonde la Ufa ipo, lakini hufanya kazi vizuri inapotolewa kabla ya mlipuko. Kuchanja wakati ugonjwa umeshaingia katika kundi kunaweza kueneza virusi kwa sindano inayotumika kwa mnyama zaidi ya mmoja, na chanjo moja ya muda mrefu yenye virusi hai vilivyodhoofishwa huweza kusababisha wanyama kutupa mimba.

Si kila homa ni malaria

Takwimu moja ya mwaka 2007 inapaswa kukumbukwa na kila mwananchi na kila mtoa huduma. Kati ya wagonjwa 309 waliothibitishwa au kuhesabiwa kuwa na Homa ya Bonde la Ufa, 169, sawa na asilimia 55, walikutwa pia na vimelea vya malaria. Kipimo cha malaria kilichoonesha maambukizi hakikuwa na kosa, ila hakikueleza ugonjwa wote. Mgonjwa wa aina hiyo akipewa dawa ya malaria na kurudishwa nyumbani, siku zinazofuata zinaweza kuwa za hatari.

Kwa sababu hiyo mgonjwa mwenye homa anapaswa kumweleza mtoa huduma kazi anayofanya na mahali alikokuwa. Maneno machache, kwamba alichinja, alichuna mnyama aliyekufa au alitoka safarini pwani, yanaweza kubadilisha uamuzi wa daktari kuhusu vipimo vinavyohitajika. Aidha, homa isiyopungua baada ya kumaliza dozi ya malaria ni sababu ya kurudi kituoni mara moja.

Dengue na ukuaji wa Jiji la Dodoma

Wakati Homa ya Bonde la Ufa ni ugonjwa wa malisho na machinjio, dengue ni ugonjwa wa miji. Dar es Salaam ilipata milipuko mwaka 2010, 2014, 2018 na 2019. Mlipuko wa mwaka 2019 ulikuwa mkubwa zaidi, ukiwapata zaidi ya watu 6,000, wengi wao katika mikoa ya Dar es Salaam na Tanga. Virusi vya dengue viko vya aina nne, na mtu aliyewahi kuugua kwa aina moja anaweza kupata ugonjwa mkali zaidi anapoambukizwa aina nyingine.

Mbu mkuu wa dengue, Aedes aegypti, huishi karibu na watu na huuma mchana, hasa asubuhi na jioni kabla ya giza. Hahitaji dimbwi kubwa. Maji kidogo ndani ya tairi, ndoo, kopo, chombo cha maua au tanki lisilofunikwa humtosha, na kutoka yai hadi mbu kamili huchukua takribani siku saba hadi kumi katika hali ya joto.

Sensa ya mwaka 2022 ilionesha Jiji la Dodoma lina wakazi 765,179, kutoka takribani 411,000 mwaka 2012. Ujenzi umeenea Mtumba, Ihumwa na kata nyingine, na tangu mwaka 2024 treni ya umeme huwasafirisha abiria kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma ndani ya saa chache. Mtu aliyeambukizwa pwani anaweza kuwasili makao makuu kabla hajajisikia kuumwa. Mashimo ya ujenzi, mapipa ya kumwagilia zege na matairi yaliyotupwa ni mazingira ambayo mbu huyu anayafahamu.

Ukame nao si kinga. Mlipuko wa chikungunya wa Lamu mwaka 2004 ulitokea katika kipindi cha ukame, na uchunguzi ulihusisha mlipuko huo na maji yaliyohifadhiwa majumbani katika vyombo visivyofunikwa vizuri. Kwa jiji ambalo kaya nyingi huhifadhi maji katika madumu, mapipa na simtanki, somo hilo lina uzito. Kuhifadhi maji ni lazima, na mfuniko unaobana ni sehemu ya kuyahifadhi.

Wajibu wa taasisi

Magonjwa yanayovuka kutoka kwa wanyama hadi kwa binadamu hayawezi kudhibitiwa na wizara moja. Kwa kutambua hilo, Serikali inatumia mfumo wa Afya Moja, unaowakutanisha wataalamu wa afya ya binadamu, mifugo, wanyamapori na mazingira chini ya uratibu wa Ofisi ya Waziri Mkuu. Wizara ya Afya pamoja na Wizara ya Mifugo na Uvuvi zina ofisi zake katika Mji wa Serikali Mtumba, hatua chache kutoka ofisi hiyo.

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri wa msimu unaowezesha wilaya kujiandaa kabla ya mvua. Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania hupima sampuli za mifugo, huku Maabara Kuu ya Taifa ya Afya ya Jamii ikipima za binadamu. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo huendelea na utafiti wa virusi na waenezaji wake. Kiwanda cha Kibaha, mkoani Pwani, kilichozinduliwa mwaka 2015, huzalisha viuadudu vya kibaiolojia vinavyoua viluwiluwi vya mbu katika mazalia.

Sheria ya Magonjwa ya Wanyama Na. 17 ya mwaka 2003 na Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 zinaweka msingi wa hatua hizo, zikiwemo utoaji wa taarifa, karantini na udhibiti wa mienendo ya mifugo. Hata hivyo, maabara hupima sampuli iliyoletwa, na sampuli huchukuliwa pale ambapo kuna mtu aliyetoa taarifa.

Mambo ya kuzingatia

Kwa wafugaji:

- Toa taarifa kwa Afisa Mifugo wa kata au kijiji mara uonapo mifugo wengi wakitupa mimba au wanyama wachanga wakifa kwa wingi, hasa baada ya mvua kubwa.
- Usiguse kijusi, kondo la nyuma au mzoga kwa mikono mitupu. Zika mzoga kwa kufuata maelekezo ya mtaalamu.
- Usihamishe wala kuuza mifugo kutoka katika kundi lenye dalili.
- Pata ushauri wa chanjo kabla ya msimu wa mvua, si baada ya ugonjwa kuingia.

Kwa wachinjaji, wauza nyama na walaji:

- Chinja katika machinjio yanayotambuliwa, baada ya mnyama kukaguliwa na mtaalamu.
- Vaa glovu, buti na vazi la kujikinga, na osha mikono kwa sabuni baada ya kazi.
- Nunua nyama yenye muhuri wa ukaguzi, ipike hadi iive vizuri na chemsha maziwa. Virusi hivi hufa kwa joto la kutosha.

Kwa kaya na maeneo ya ujenzi:

- Funika vyombo vyote vya maji. Mwaga maji yasiyotumika na sugua kuta za vyombo angalau mara moja kwa wiki, kwa kuwa mayai hushikamana pembezoni.
- Ondoa matairi, makopo na vifuu, na fukia mashimo yanayotuamisha maji.
- Vaa nguo ndefu na tumia dawa ya kufukuza mbu mchana. Endelea kulala katika chandarua chenye dawa usiku, na mgonjwa wa homa alale humo hata mchana ili mbu wasichukue virusi kutoka kwake.

Kwa mwenye homa:

- Fika kituo cha huduma mapema na eleza kazi yako, safari zako na kama umegusa mnyama mgonjwa.
- Epuka kujinunulia aspirini, ibuprofeni au dikilofenaki kabla ya kupimwa, kwa kuwa zinaweza kuongeza hatari ya kutokwa damu. Parasetamoli kwa kipimo sahihi ni salama zaidi.
- Rudi haraka ukiona damu puani, kwenye fizi au katika choo, maumivu makali ya tumbo, kutapika kusikokoma, kuchanganyikiwa au kupungua kwa uwezo wa kuona.

Mwananchi anaweza kupiga simu namba 199 ya Wizara ya Afya, bila malipo, kwa ushauri au kutoa taarifa ya ugonjwa usio wa kawaida.

Mayai ya mbu yanaweza kukaa katika udongo mkavu wa nyanda za kati kwa miaka mingi, yakisubiri mafuriko. Mvua hizo zitakaporudi, kati ya mbu wa kwanza na mgonjwa wa kwanza kutakuwa na majuma machache ambapo mtu mmoja, akiwa zizini alfajiri, ataona jambo lisilo la kawaida. Taarifa atakayoitoa siku hiyo ndiyo itakayoamua ukubwa wa mlipuko.